Rekodi za Ronnie O'Sullivan: kwa nini hesabu za mataji hazilingani?

MezaYaKijani:

Wakuu, salaam kwenu. Natengeneza jedwali la mafanikio ya Ronnie O'Sullivan, tangu alipoingia kwenye snuka (mchezo wa mezani wa kutumbukiza mipira kwa fimbo) ya kulipwa mwaka 1992 hadi mwisho wa msimu wa 2024/25. Tatizo ni kwamba kila ninapotazama nakuta namba nyingine. Mmoja anaandika mataji 7, mwingine 23, mwingine 41, na wapo wanaovuka hapo mbali kabisa. Hata breki yake (pointi za mfululizo bila kukosa mpira) ya haraka ya 147 mwaka 1997 imeandikwa dakika 5 na sekunde 20 mahali pamoja, na dakika 5 na sekunde 8 mahali pengine.

Naomba wanaoujua mchezo huu kwa undani wanieleze mambo matatu. Kila namba inahesabu nini hasa? Je, ni haki kumlinganisha na mabingwa wa zamani Stephen Hendry na Steve Davis kwa namba hizo hizo? Na zile 147 zinahesabiwaje?

---

FremuYa35:

Ndugu, namba zote tatu ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

7 ni mataji ya Ubingwa wa Dunia peke yake: 2001, 2004, 2008, 2012, 2013, 2020 na 2022. Amecheza fainali 8 na kupoteza moja tu, ile ya 2014 alipofungwa na Mark Selby kwa fremu 18–14 (fremu ni mchezo mmoja ndani ya mechi). Kwenye jedwali lako weka na aliowafunga, maana wanaonyesha amepita vizazi vingapi: John Higgins 18–14, Graeme Dott 18–8, Ali Carter 18–8, Carter tena 18–11, Barry Hawkins 18–12, Kyren Wilson 18–8 na Judd Trump 18–13. Higgins alianza kulipwa mwaka mmoja na yeye. Wilson alizaliwa mwishoni mwa 1991, miezi michache kabla O'Sullivan hajaanza kulipwa.

23 ni Mataji Matatu Makuu yakijumlishwa: Ubingwa wa Dunia 7, UK Championship 8 (1993, 1997, 2001, 2007, 2014, 2017, 2018, 2023) na Masters 8 (1995, 2005, 2007, 2009, 2014, 2016, 2017, 2024). Hendry ana 18 (7, 5 na 6), Davis ana 15 (6, 6 na 3).

41 ni mataji ya mashindano ya viwango, yaani yale ambayo matokeo yake yanaingia kwenye orodha rasmi ya ubora duniani. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanachukua 41 wakaongeza 23 wakapata 64. Hiyo ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Ubingwa wa Dunia na UK Championship ni mashindano ya viwango, kwa hiyo mataji yake 15 ya huko tayari yamo ndani ya 41. Masters haimo. Masters ni mashindano ya mwaliko: wanaitwa wachezaji 16 walio juu kwenye orodha, na ukishinda unapata fedha na heshima lakini hupandi kiwango. Ukitaka kujumlisha sawasawa, chukua 41, ongeza 8 za Masters, upate 49. Baada ya hapo ndipo uanze kuongeza mashindano mengine ya mwaliko.

Na hayo ya mwaliko ni mengi. Ana mataji 10 ya Premier League (ya snuka, si ya soka) na 4 ya Champion of Champions (2013, 2014, 2018, 2022). Yote hayamo kwenye 41.

Kuna mitego miwili nataka uiangalie kwa makini.

Wa kwanza ni Shanghai Masters. Ameitwaa mara tano: 2009, 2017, 2018, 2019 na 2023. Mara mbili za mwanzo yalikuwa mashindano ya viwango. Kuanzia 2018 yakageuzwa kuwa ya mwaliko. Jina ni lile lile na mji ni ule ule, lakini mataji matatu ya mwisho hayahesabiwi kwenye 41. Anayenakili orodha bila kuangalia mwaka atafika 44 na hatajua kosa liko wapi.

Wa pili ni Irish Masters. Mwaka 1998 alimfunga Ken Doherty kwenye fainali, kisha akavuliwa taji baada ya vipimo kuonyesha bangi. Taji hilo lisiwekwe popote. Alishinda tena 2001, yakiwa bado ya mwaliko, halafu 2003 na 2005 yakiwa tayari ya viwango. Kwa hiyo katika mashindano hayo hayo una taji lililofutwa, lisilo la viwango, na mawili ya viwango. Andika safu ya hadhi mbele ya kila mwaka, usiandike jina la mashindano peke yake.

Na kama utakutana na mataji matatu yaliyoandikwa kuwa ya viwango vidogo, hayo yanatokana na mfululizo wa mashindano mafupi uliokuwepo mwanzoni mwa miaka ya 2010. Yape mstari wake. Usiyachanganye na 41.

Ili uhakiki hesabu yako, anza nyuma kutoka mwisho: 41 ni World Grand Prix ya Januari 2024 (Trump 10–7), 40 ni UK Championship 2023 (Ding Junhui 10–7), 39 ni Ubingwa wa Dunia 2022, 38 ni World Grand Prix ya Desemba 2021 (Neil Robertson 10–8), 37 ni Ubingwa wa Dunia 2020, na 36 ni Tour Championship 2019 (Robertson 13–11). Hiyo ya 36 ndiyo iliyomfikisha alipoishia Hendry. Jedwali lako likigonga alama hizo sita, basi huko juu uko salama, na kosa lolote liko kwenye miaka ya nyuma.

---

Kijani_na_Kahawia:

Mkuu FremuYa35 ameeleza vizuri sana. Mimi niingie kwenye kulinganisha, maana hapo namba 41, 36 na 28 zinaweza kumdhulumu Davis vibaya.

Davis ana mataji 28 ya viwango, la kwanza Ubingwa wa Dunia 1981 na la mwisho Welsh Open 1995. Lakini alipoanza kutawala, hakukuwa na mashindano ya viwango ya kutosha. Hadi 1982 Ubingwa wa Dunia peke yake ndio uliokuwa ukihesabiwa kwenye orodha ya ubora. International Open ya 1982, aliyoshinda Tony Knowles, ndiyo ya kwanza nje ya Ubingwa wa Dunia kupewa hadhi hiyo. UK Championship ilianza 1977 lakini haikufunguliwa kwa wachezaji wote wa kulipwa wala kuwa ya viwango hadi 1984. Davis aliishinda mara sita: 1980, 1981, na minne mfululizo kuanzia 1984 hadi 1987. Ile miwili ya mwanzo haimo kwenye 28. Mchezaji wa leo akishinda taji lile lile, linahesabiwa.

Kwa hiyo ukimlinganisha Davis na wengine, Mataji Matatu Makuu ni kipimo cha haki zaidi kuliko mataji ya viwango. Nacho kina mipaka yake, kwa sababu urefu wa mechi umebadilika. Fainali ya UK Championship ilikuwa ya fremu 31, yaani anayefika 16 kwanza ameshinda, hadi 1992. Hendry alimfunga Davis 16–12 mwaka 1989 na 16–15 mwaka 1990. Kuanzia 1993 fainali ikawa ya fremu 19, na mwaka huo huo O'Sullivan alimfunga Hendry 10–6 akiwa na miaka 17 na siku 358, mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kushinda taji la viwango. Mataji yote 8 ya UK ya O'Sullivan ni ya fainali fupi. Silisemi hili kumpunguzia. Mechi fupi zina hatari yake: aliye bora ana fremu chache za kurekebisha mambo yakimwendea kombo.

Ubingwa wa Dunia haukuguswa namna hiyo, ndiyo maana naupa uzito kuliko kitu kingine chochote. Raundi ya kwanza ni ya fremu 19, ya pili na robo fainali fremu 25, nusu fainali 33, fainali 35. Jumlisha zinazohitajika kushinda: 10, 13, 13, 17 na 18, unapata fremu 71 ndani ya siku 17. Masters ni 6, 6, 6 na 10, yaani 28. UK Championship kuanzia wachezaji 32 wa mwisho ni 34. Ndiyo maana Ubingwa wa Dunia mmoja unachosha mwili na akili kuliko hayo mengine mawili kwa pamoja.

Hendry naye asipitwe haraka. Mataji yake 7 ya Dunia ni 1990, 1992, 1993, 1994, 1995, 1996 na 1999. Matano mfululizo katikati hapo! O'Sullivan hajawahi kufika matatu mfululizo. Mwaka 1992 Hendry alikuwa nyuma 14–8 dhidi ya Jimmy White akashinda fremu 10 mfululizo na kumaliza 18–14. Mwaka 1994 alivunjika kiwiko cha mkono wa kushoto katikati ya mashindano, akaendelea kucheza, akashinda fainali 18–17. Masters za 1989 hadi 1993 alizishinda zote tano, na kombe akapewa moja kwa moja. Kwenye fainali ya UK Championship 1994 dhidi ya Doherty alifunga senchuri saba (breki za pointi 100 au zaidi) na kushinda 10–5.

Tofauti yao iko kwenye umbo la maisha yao ya mchezo. Hendry alibeba karibu kila kitu ndani ya miaka kumi. Taji lake la kwanza la viwango ni la 1987, la mwisho Malta Cup 2005, lakini Dunia, UK na Masters zote alizitwaa kati ya 1989 na 1999. O'Sullivan alianza 1993 na Mataji Makuu ya karibuni yakaja Desemba 2023 na Januari 2024. Kati ya UK yake ya kwanza na ya nane kuna miaka 30, na anashikilia rekodi zote mbili za mashindano hayo: mshindi mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote. Kwenye Masters ni hivyo hivyo, miaka 19 mwaka 1995 na miaka 48 mwaka 2024.

Kwangu mimi, ukiuliza nani alikuwa mgumu kufungwa katika miaka yake bora, nitasema Hendry. Ukiuliza nani ana rekodi kubwa kuliko wote, ni O'Sullivan bila kusita.

---

MezaYaKijani:

Asanteni sana wakuu, safu ya hadhi nimeshaiweka. Na je, kuhusu muda wa kuwa namba moja duniani? Naona wengine wanaandika misimu, wengine wiki.

---

Kijani_na_Kahawia:

Usizilinganishe moja kwa moja. Hadi 2010 orodha ilitolewa mara moja kwa msimu, kwa hiyo aliyekuwa juu alibaki juu mwaka mzima hata akifungwa kila wiki. Davis alikaa misimu 7 mfululizo (1983/84 hadi 1989/90) na Hendry 8 (1990/91 hadi 1997/98), kisha Hendry akarudi 2006/07. Sasa orodha inasogea baada ya kila mashindano, na tangu 2014 inapangwa kwa fedha za zawadi za miaka miwili iliyopita. Mtu anayechagua mashindano machache, kama O'Sullivan, anaadhibiwa na mfumo huo. Msimu wa 2012/13 alicheza mechi moja tu ya ushindani kabla ya kwenda Sheffield, akafungwa, halafu akatetea Ubingwa wa Dunia. Orodha ya ubora haina namna ya kuonyesha jambo kama hilo.

---

PinkiKisha_Nyeusi:

Niruhusuni nijibu kuhusu 147.

Hesabu yenyewe kwanza. Nyekundu 15 za pointi 1 ni 15. Baada ya kila nyekundu unatumbukiza nyeusi ya pointi 7, mara 15, unapata 105. Hapo ni 120. Kisha rangi sita kwa mpangilio: njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, pinki 6, nyeusi 7, jumla 27. Ndiyo 147. Ni mipira 36 bila kukosa hata mmoja.

Ile ya 21 Aprili 1997 dhidi ya Mick Price, kwenye Ubingwa wa Dunia, iliandikwa kwa miaka mingi kuwa dakika 5 na sekunde 20. Baadaye Guinness ikairekebisha kuwa dakika 5 na sekunde 8. Breki haikubadilika, kilichobadilika ni saa ianzie wapi. Ukiwasha saa kabla mchezaji hajapiga mpira wa kwanza, unaongeza sekunde ambazo si za breki. Kwenye jedwali andika 5:08, na uweke maelezo mafupi kwamba maandishi ya zamani yana 5:20. Gawanya sekunde 308 kwa mipira 36, unapata kama sekunde 8 na nusu kwa kila mpira, na humo ndani kuna kutembea kuzunguka meza yenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, na kumsubiri refa airudishe nyeusi kwenye alama yake.

Idadi: hadi mwisho wa msimu unaoutaka alikuwa na 147 rasmi 15, ya 15 ikiwa ya English Open 2018. Agosti 2025 akaongeza mbili katika mechi moja, nusu fainali ya Saudi Arabia Masters dhidi ya Chris Wakelin, akiwa na miaka 49. Hivyo kama jedwali lako linaishia 2024/25 andika 15, na kama utalisogeza mbele hadi Agosti hiyo andika 17. Hendry ana 11. Zinazohesabiwa ni za mashindano ya kulipwa tu. Za mazoezini na za maonyesho haziingii, na hapo ndipo namba za mitandaoni zinapovimba.

Lakini idadi haisemi lini. Nusu fainali ya UK Championship 2007 dhidi ya Selby, matokeo yakiwa 8–8, O'Sullivan alifunga 147 kwenye fremu ya kuamua. Fainali ya Welsh Open 2014 dhidi ya Ding alimalizia kwa 147 na kushinda 9–3. Breki hizo mbili nazithamini kuliko ile ya 1997, kwa sababu taji lilikuwa mezani. Upande wa pili, Welsh Open 2016 dhidi ya Barry Pinches alikuwa na njia wazi ya kufika 147 akachagua pinki kwa makusudi na kumaliza na 146, akisema zawadi iliyowekwa ilikuwa ndogo mno. Hiyo haiko kwenye hesabu, na haitakiwi kuwepo.

Kwa nini 147 ni ngumu hata kwa wanaofunga senchuri kila wiki? Senchuri inakuruhusu kuchukua buluu au pinki pale nyeusi inapokaa vibaya. 147 hairuhusu. Mambo yanayoiua breki mara nyingi ni haya. Nyekundu moja iliyoganda ukingoni: unalazimika kuigonga kwa mpira mweupe wakati unatumbukiza nyeusi, na nguvu ikizidi kidogo mweupe unakimbilia usikotakiwa. Alama ya nyeusi kufunikwa: nyeusi ikiingia na alama yake imezibwa na mpira mwingine, inawekwa kwenye alama iliyo wazi yenye thamani kubwa zaidi, kwa kawaida ya pinki, na mpango wote wa mfuko wa juu unavurugika. Na mpito wa kwenda kwenye njano. Muda wote umekuwa upande wa nyeusi, sasa baada ya nyeusi ya 15 mpira mweupe lazima usafiri karibu urefu wote wa meza na utulie kwenye pembe inayokuwezesha kuchukua njano kisha kijani. Ukiwa umenyooka mno na nyeusi, mweupe hauna njia ya kutoka huko bila kupigwa kwa nguvu nyingi.

O'Sullivan ana silaha moja ambayo wachezaji wengi hawana: anacheza kwa mikono yote miwili kwa kiwango cha mashindano. Mwenye mkono mmoja, mpira mweupe ukikaa upande asioufikia, anachukua kiegemeo (kifaa cha kuegemezea fimbo), na kwa kiegemeo huwezi kuuzungusha mpira vizuri kama kwa mkono. Yeye anahamisha fimbo tu. Senchuri yake ya 1,000, tarehe 10 Machi 2019 kwenye fainali ya Players Championship mjini Preston dhidi ya Robertson, alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto alipovuka 100. Ilikuwa 134, fremu ya mwisho, na akashinda 10–4. Hendry alikuwa na senchuri 775 alipostaafu mwaka 2012.

---

FremuYa35:

Niongeze safu tatu ambazo jedwali la mataji pekee haliwezi kuzibeba, halafu niwaachie.

Umri: Ubingwa wa 2022 aliutwaa akiwa na miaka 46 na siku 148, akampita Ray Reardon aliyeshinda 1978 akiwa na miaka 45 na siku 203. Reardon huyo huyo, bingwa mara sita, ndiye aliyemfundisha kujihami kabla ya taji la 2004. Mwaka ule O'Sullivan alimfunga Hendry 17–4 kwenye nusu fainali, na ukiitazama mechi hiyo utaona amejifunza kumwachia mpinzani mpira mweupe ukingoni badala ya kujaribu kila mpira wa mbali.

Mahudhurio: amecheza Crucible, ukumbi wa Sheffield unaochezewa Ubingwa wa Dunia, kila mwaka tangu 1993. Davis alicheza mara 30. O'Sullivan alifikisha ya 31 mwaka 2023, na ya 2025 ilikuwa ya 33.

Vipigo: viweke pia, jedwali la bingwa lisilo na vipigo halisomeki. 2019 alitolewa raundi ya kwanza ya Dunia na James Cahill, mchezaji wa ridhaa, 10–8. 2025 alipigwa 17–7 na Zhao Xintong kwenye nusu fainali, na Zhao akaenda kuchukua taji kwa kumfunga Mark Williams 18–12. Na kwa 2020, usiandike fainali peke yake. Mechi kubwa ilikuwa nusu fainali dhidi ya Selby: alikuwa nyuma 16–14, amebakiza kupoteza fremu moja tu atoke, akashinda tatu mfululizo.

---

MezaYaKijani:

Nimeanza upya kutoka mwanzo, nikaweka safu za mwaka, mashindano, hadhi, mpinzani, matokeo na umri. Shanghai ndiyo iliyokuwa inanipa 44. Sasa hesabu inasimama kwenye 41. Shukrani nyingi wakuu, nikimaliza Hendry nitarudi kwa Davis na zile UK zake mbili za mwanzo.